Rimu za Asili za Land Rover: Somo kwa Wanunuzi wa Same na Milima ya Pare

Rimu kuukuu ya Land Rover huuzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa kilo, ikaenda kuyeyushwa pamoja na mabati na vyuma vingine chakavu. Ya pili ni kwa kipande, kama kipuri chenye kipimo chake, namba yake na mteja wake. Tofauti kati ya bei hizo mbili ni faida ya mfanyabiashara anayejua anachokiangalia, na ni hasara ya yule asiyejua.

Somo hili linaeleza rimu, au ringi kama wengine wanavyoziita, ambazo kiwanda chenyewe kilizifunga kwenye Land Rover za zamani, namna ya kuzitambua kwa futi ya mkononi, na namna ya kupiga hesabu kabla ya kutoa fedha. Linawahusu wauza vipuri, wenye magari ya mizigo na wawekezaji wadogo wanaotafuta bidhaa isiyooza.

SOKO LENYEWE

Mji wa Same upo kwenye barabara kuu ya Moshi hadi Korogwe na kwenye reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Mji uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, lakini nyuma yake milima ya Pare inapanda hadi kilele cha Shengena, takriban mita 2,460. Kutoka Mamba, Mbaga, Chome, Vudee na Suji hushuka tangawizi, maharage, ndizi na mboga. Kutoka mjini hupanda saruji, mabati, sukari, mbolea na abiria.

Barabara nyingi za mlimani ni za udongo na mawe, zenye kona za kukunja na upande mmoja wa bonde. Masika na vuli huzifanya ziteleze. Katika njia za namna hiyo gurudumu ni sehemu ya mtaji sawa na injini. Rimu ikipasuka kwenye mteremko wa Mbaga, mwenye gari hapotezi rimu tu. Anaweza kupoteza mzigo, gari, na watu.

Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Land Rover. Gari hili la Kiingereza lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na la mwisho la ukoo huo likatoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Yalitengenezwa zaidi ya magari milioni 2. Mengine yaliunganishwa jirani, Thika nchini Kenya, katika kiwanda cha Leyland. Mpya za ukoo huo hazitoki tena, lakini zilizopo bado zinahitaji magurudumu. Ndiyo maana soko la rimu zake halijafa.

KWA NINI "ASILI" INA BEI

Kabla ya kurudi kwenye Land Rover, inafaa kutazama soko ambalo thamani ya rimu za asili imekwisha kuzoeleka, yaani soko la magari ya spoti ya zamani ya Uingereza. Mfano mzuri ni MGB, gari dogo la watu wawili lililotengenezwa kati ya 1962 na 1980, na ambalo pamoja na ndugu zake lilipita idadi ya 500,000.

Mnunuzi wa MGB mpya alipewa uchaguzi wa magurudumu. La kawaida lilikuwa la chuma cha kukandamizwa, la inchi 14. Aliyeongeza fedha alipata la spoki za waya, mfano wa gurudumu la baiskeli, linalokazwa kwa nati moja kubwa ya katikati. Tangu mwishoni mwa 1969 chuma cha kawaida kilibadilishwa na rimu ya mtindo wa Rostyle, ya kampuni ya Rubery Owen. Toleo la injini ya V8, la 1973 hadi 1976, lilikuwa na rimu yake ya peke yake, yenye ukingo wa chuma na kitovu cha aloi.

Leo mnunuzi wa gari kama hilo huuliza kwanza: je, magurudumu yaliyopo ndiyo yaliyotoka kiwandani mwaka huo? Jibu hubadili bei. Na si suala la urembo peke yake. MGB ya spoki ilitumia habu zenye meno na ekseli ya nyuma fupi kuliko ya gari la rimu za chuma. Kwa hiyo anayetaka kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine hanunui rimu nne tu. Hununua na vitu vilivyo nyuma yake.

Masomo matatu yanatoka hapo, na yote yanafaa Same. Kwanza, rimu ni sehemu ya mfumo, haiwezi kupimwa peke yake. Pili, kitu kuwa cha zamani hakukifanyi kuwa adimu, kwani rimu za spoki za MGB bado zinatengenezwa upya hadi leo, na hilo huzuia bei ya kuukuu isipande ovyo. Tatu, kila rimu ina barabara yake. Spoki hulegea katika barabara za makorongo na mawe, zikahitaji fundi wa kuzikaza moja moja. Gurudumu linalopendeza kwenye maonyesho ya London lingekuwa mzigo kwa mfanyabiashara wa tangawizi.

AINA ZA RIMU ZA ASILI

Rimu za Land Rover za zamani zinaweza kugawanywa katika makundi sita.

Kundi la kwanza ni rimu ya chuma ya inchi 5 kwa 16. Hii ni ya gari fupi, lile la inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, na tairi yake ya kawaida ilikuwa 6.00-16. Namba yake ya kipuri inayotumika sana ni 272309.

Kundi la pili ni rimu ya chuma ya inchi 5.5 kwa 16, namba 231601 kwa Land Rover 109 ya zamani. Hii ndiyo rimu ya kazi. Hubeba tairi 7.50-16, na kipimo hicho hicho cha rimu na tairi kiliendelea kwenye One Ten ya 1983, gari ambalo tangu 1990 lilijulikana kwa jina la Defender.

Kundi la tatu ni rimu ya 109 ya tani moja, yenye inchi 6.5 kwa 16 na tairi nene ya 9.00-16. Magari hayo yalitengenezwa kwa idadi ndogo, hivyo rimu zake ni adimu kuliko zote za kiraia.

Kundi la nne ni rimu za vipande viwili vinavyoshikanishwa kwa nati kuzunguka duara. Zilipendwa na majeshi na watu wa safari ndefu kwa sababu tairi hutoka bila kupigwa kwa chuma. Zina hatari yake, nayo itaelezwa chini.

Kundi la tano ni rimu za Wolf, zilizotengenezwa kwa ajili ya Defender za jeshi la Uingereza za miaka ya 1990. Ni za chuma kizito, inchi 6.5 kwa 16, namba ANR4583. Wapenzi wa Land Rover huzitafuta sana, na kwa hiyo zinaigwa sana.

Kundi la sita ni rimu za ndugu wa karibu. Range Rover ya kwanza ya mwaka 1970 ilikuja na rimu za chuma za mtindo ule ule wa Rostyle, kwa upana wa inchi 6. Baadaye zikafuata za aloi za Range Rover, Discovery ya kwanza na Defender. Hizi zote zina matundu yanayolingana na ya Land Rover, lakini hazikai wala hazikazwi kwa namna moja.

VIPIMO VINNE VYA KUSOMA

Rimu nyingi zina maandishi yaliyogongwa kwenye chuma: upana, kipenyo, alama ya mtengenezaji, na mara nyingi mwezi na mwaka. Rangi na kutu huyaficha. Brashi ya waya na dakika tano zinatosha kuyafichua. Mnunuzi atafute kwanza maandishi hayo, kisha athibitishe kwa vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza ni matundu ya nati. Land Rover za ukoo wa zamani, tangu 1948 hadi 2016, zina matundu 5 kwenye duara la milimita 165.1, yaani inchi 6 na nusu. Duara la matundu 5 ni gumu kupimwa moja kwa moja, kwa kuwa hakuna tundu linalotazamana na jingine. Njia rahisi ni kupima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani, halafu kuzidisha kwa 1.7. Kwa rimu ya Land Rover umbali huo ni milimita 97.

Hapa ndipo wengi huumia. Toyota Land Cruiser za aina ya 100, na za aina ya 70 zilizotoka tangu 1999 zenye matundu 5, zina duara la milimita 150. Kwa macho rimu hizo zinaweza kudhaniwa kuwa ndugu. Kwa futi, umbali wa tundu hadi tundu ni milimita 88 tu. Discovery ya pili ya 1998, pamoja na Defender mpya iliyozinduliwa mwaka 2019, zina matundu 5 vilevile, lakini duara lake ni milimita 120, na umbali wa matundu jirani ni takriban milimita 70 na nusu. Nembo ya Land Rover kwenye kifuniko haithibitishi kitu. Futi ndiyo shahidi.

Kipimo cha pili ni upana, unaopimwa ndani ya kingo mbili, pale tairi inapokaa, si kwa nje. Anayepima nje hupata upana mkubwa kuliko wa kweli. Tairi 7.50-16 hukaa sawasawa kwenye rimu ya inchi 5.5. Tairi za kisasa za 235/85 R16 huhitaji rimu pana zaidi, kuanzia inchi 6, na hazifai kulazimishwa kwenye rimu ya 5.5.

Kipimo cha tatu ni mkao, yaani umbali kati ya uso unaogusa habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Rimu ya tani moja husukuma gurudumu nje zaidi ya rimu ya kawaida ya 109. Gari huonekana limetanua miguu na wengine hulipenda hivyo, lakini beringi za habu na mikono ya usukani hupata mzigo tofauti na uliokusudiwa. Rimu mbili zenye mikao tofauti zisifungwe kwenye ekseli moja.

Kipimo cha nne ni nati. Land Rover za mwanzo zilitumia stadi za inchi 9/16, sawa na milimita 14.3 hivi. Za baadaye zilihamia milimita 16. Nati ya mfumo mmoja haifai kwa stadi za mfumo mwingine, hata kama imeshika mizunguko miwili ya kwanza. Aidha, rimu za aloi zina nati zake ndefu zenye mkono unaoingia ndani ya tundu. Kufunga aloi kwa nati za rimu ya chuma ni kutafuta gurudumu litakalotangulia gari njiani. Anayenunua rimu za aloi bila nati zake ajue kwamba amenunua nusu ya bidhaa.

RIMU KUBWA SI RUHUSA YA MZIGO

Kosa kubwa zaidi katika soko la milimani ni kuamini kwamba rimu nzito na tairi nene huongeza uwezo wa gari kubeba. Hesabu inaonyesha vingine.

Tairi 7.50 R16 yenye alama ya mzigo 116 imeruhusiwa kilo 1,250. Mbili za nyuma ni kilo 2,500. Lakini Land Rover 110 ya kawaida imepangiwa uzito wa jumla wa kilo 3,050, na ekseli ya nyuma imepangiwa kilo 1,850. Tairi ina akiba, ekseli haina. Kinachoamua ni kile chenye uwezo mdogo.

Tuchukue gari la 110 lenye uzito wa kilo 1,900 likiwa tupu mizanini, dereva na watu wawili kilo 210. Ukiondoa kwenye 3,050 inabaki nafasi ya kilo 940. Kwa magunia ya kilo 100, hayo ni magunia 9. Kwa lumbesa ya kilo 130, ni magunia 7. Anayepakia 15 kwa kuwa "rimu ni za Wolf" anazikopa springi, breki na ekseli, na mkopo huo hulipwa kwenye mteremko.

Kwa upande mwingine, kubadili kutoka tairi 6.00-16 kwenda 7.50-16 kwenye gari fupi kuna faida na gharama. Tairi ya kwanza ina kipenyo cha takriban milimita 730, ya pili takriban 800. Tumbo la gari linainuka kwa milimita 35 hivi, jambo jema kwenye mawe. Lakini kila gia inakuwa ndefu kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo injini inapata kazi zaidi ya kupanda, na spidomita inaonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli.

Kuna na mtego wa tairi zenyewe. Kipimo cha 6.00-16 hutumika pia kwenye magurudumu ya mbele ya matrekta. Tairi ya trekta itaingia kwenye rimu bila ubishi, lakini haikutengenezwa kwa mwendo wa barabara kuu. Kinyume chake, 7.50-16 hutumika kwenye malori madogo mengi, na hiyo ndiyo sababu mojawapo inayoipa rimu ya 5.5 soko la uhakika. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipoacha uzalishaji mwaka 2009, soko la tairi limetegemea zaidi bidhaa za nje, na rimu ambayo tairi yake inapatikana kirahisi ina thamani kuliko ile inayongoja meli.

UKAGUZI KABLA YA KUTOA FEDHA

Rimu ikague ikiwa imevuliwa tairi. Muuzaji anayekataa kuvua tairi auze tairi na rimu kwa bei ya tairi peke yake.

Angalia matundu ya nati. Yawe duara kamili na yenye umbo la faneli mahali nati inapokaa. Tundu lililorefuka kama yai ni ushahidi kwamba rimu ilitembea na nati zilizolegea. Haina dawa.

Angalia kati ya tundu na tundu, na mahali kitovu kinapoungana na ukingo. Ufa mdogo kama unywele huonekana baada ya kusugua na kumwaga mafuta ya taa kidogo, kisha kufuta na kupaka chokaa. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hujitokeza kama mstari. Rimu iliyochomelewa kwenye kitovu isinunuliwe kwa matumizi ya barabara, hata kama mchomeleaji ni hodari.

Angalia ribiti. Rimu nyingi za zamani zimeunganishwa kwa ribiti, na hewa inaweza kupita hapo. Hizo hutumia tairi yenye tyubu. Hata isiyo na ribiti, kama haina nundu ya ndani ya kuzuia tairi isiteleze kuelekea katikati, haifai kwa tairi isiyo na tyubu.

Angalia ukingo kwa kuuzungusha. Funga rimu kwenye habu iliyoinuliwa kwa jeki, weka ncha ya kijiti karibu na ukingo, kisha zungusha. Kijiti kinachogusa upande mmoja na kuachana upande mwingine kinatangaza rimu iliyopinda.

Kwa rimu za vipande viwili, hewa itolewe yote, hadi kiini cha valvu kitolewe, kabla ya nati hata moja kuguswa. Rimu hizo zikifunguliwa na upepo ndani hurusha chuma kwa nguvu ya kuua. Duka linalouza rimu hizi bila kumweleza fundi pancha jambo hilo linauza hatari.

Hatimaye, hesabu ziwe tano. Gurudumu la akiba la kipimo tofauti ni tatizo hasa kwenye One Ten na Defender, ambazo magurudumu yake yote manne huvuta wakati wote. Kwa mnunuzi, seti ya tano zinazofanana ina bei zaidi ya jumla ya rimu tano zilizookotwa huku na huko.

HESABU YA FAIDA

Bei zinazofuata ni za mfano wa kujifunzia, si bei za soko.

Mfanyabiashara ananunua Same rimu 5 za inchi 5.5 bila kuzikagua, kila moja Sh. 60,000. Jumla Sh. 300,000. Usafiri hadi Arusha Sh. 25,000. Kusugua kutu na kupaka rangi Sh. 15,000 kila moja, jumla Sh. 75,000. Gharama zote ni Sh. 400,000.

Baada ya kusugua, rimu moja inaonekana ina ufa. Nne zinauzwa Sh. 110,000 kila moja, yaani Sh. 440,000, na ile mbovu inakwenda kwa kilo kwa Sh. 10,000. Mapato ni Sh. 450,000, faida Sh. 50,000, sawa na asilimia 12.5 ya mtaji. Kama mbovu zingekuwa mbili, mapato yangekuwa Sh. 350,000 na hasara Sh. 50,000.

Sasa achukuliwe mfanyabiashara wa pili, aliyekagua na kuikataa ile mbovu palepale. Amenunua nne kwa Sh. 240,000, usafiri Sh. 25,000, kusugua na rangi Sh. 60,000. Gharama ni Sh. 325,000. Mapato ni Sh. 440,000. Faida ni Sh. 115,000, zaidi ya asilimia 35. Bidhaa ni ile ile, soko ni lile lile. Kilichotofautiana ni brashi ya waya, futi, na ujasiri wa kusema hapana.

Muda nao una bei. Faida ya asilimia 12.5 kwa mwezi mmoja ni nzuri. Kwa miezi minane ni fedha iliyolala. Rimu ya kazi ya inchi 5.5 huzunguka haraka kwa faida ndogo. Rimu ya tani moja au ya vipande viwili hulala muda mrefu ikingoja mpenzi wake. Mwenye mtaji mdogo aweke sehemu kubwa kwenye zinazozunguka. Na kila rimu iandikwe: tarehe, kipimo, namba, ilikotoka, bei ya kununua na ya kuuza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

NANI ANANUNUA NINI

Wateja wako wa aina tatu. Wa kwanza ni mwenye gari la kazi milimani. Yeye hajali mwaka uliogongwa kwenye chuma. Anataka rimu nzima, ya kipimo chake, leo. Bei yake haipandi sana, lakini harudishi mgongo, hasa kabla ya mvua na wakati wa mavuno.

Wa pili ni mpenzi wa Land Rover wa mijini. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha kwamba gari hili limehama kutoka kazi tupu na kuingia katika fahari. Mteja huyu hutaka seti kamili, iliyosuguliwa vizuri, yenye mwonekano wa kiwandani.

Wa tatu ni mtengenezaji wa magari ya ukumbusho, wa ndani au wa nje ya nchi, anayerudisha gari katika hali ya mwaka lilipotoka. Huyu ndiye anayelipia tarehe na alama ya mtengenezaji. Lakini rimu ni nzito, nauli ya meli ni kubwa, na za kawaida zinatengenezwa upya huko kwao. Kumuuzia huyu rimu za kawaida mara nyingi hakulipi. Zile adimu, zenye maandishi yanayosomeka na zikiwa seti, ndizo zenye hoja. Mtu wa Same atakayepata rimu za 109 ya tani moja asizichanganye na nyingine wala asizipeleke mizani ya chuma chakavu kabla ya kuzipiga picha, kuzipima na kuulizia bei kwa wateja wasiopungua watatu.

Kosa la kuepuka ni kumuuzia mteja wa kwanza kwa bei ya mteja wa tatu, au kumuuzia wa tatu rimu iliyopakwa rangi nzito iliyofunika maandishi. Kwa mteja wa ukumbusho rangi mpya isiyo na utaratibu hupunguza thamani.

ZOEZI

1. Rimu ina matundu 5, na umbali kati ya matundu mawili jirani ni milimita 88. Je, inafaa Land Rover 109?

2. Gari la 110 lina kilo 2,000 likiwa tupu na limebeba watu wenye jumla ya kilo 210. Litabeba lumbesa ngapi za kilo 120 bila kuzidi kilo 3,050?

3. Rimu 10 zimenunuliwa Sh. 50,000 kila moja bila kukaguliwa, usafiri Sh. 40,000, kusugua na rangi Sh. 150,000. Nzima zinauzwa Sh. 100,000, mbovu Sh. 10,000. Ni nzima ngapi zinahitajika ili biashara isile hasara?

Majibu: (1) Haifai, duara lake ni milimita 150, la Land Cruiser. (2) Nafasi ni kilo 840, sawa na magunia 7. (3) Gharama ni Sh. 690,000. Nzima 6 na mbovu 4 huleta Sh. 640,000, ambayo ni hasara. Nzima 7 na mbovu 3 huleta Sh. 730,000. Kwa hiyo zinahitajika 7. Anayenunua bila kukagua hawezi kujua kama anazo saba hadi fedha yake iwe imekwisha kutoka.